Ng'ombe wa Maneromango: kisa cha jina lililokatwa

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu msimamizi wa mifugo alinipigia simu akiwa Kisarawe. Hakuwa na hasira, alikuwa na swali. Taarifa ya jioni aliyoipokea kwa SMS ilisema faili la ng'ombe wa Maneromango halikupatikana, naye alikuwa amekaa na karani aliyelijaza faili hilo mchana uleule. "Kaka, ninaliona kwa macho yangu hapa kwenye laptopu. Ninyi huko Dar mnasema halipo. Lipo au halipo?"

Lilikuwepo. Kilichokosekana ni kipande cha jina lake, na aliyeipitisha programu iliyokikata ni mimi.

Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya wenzangu wanaopitia msimbo wa wengine, hasa ulioandikwa kwa lugha ya C, kwa sababu kosa halikuwa la fanksheni mbovu (fanksheni ni kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja). Kila fanksheni iliyotumika ni ile tunayoshauriwa kuitumia. Msimbo ulikuwa salama kwa maana ya kumbukumbu ya kompyuta, na bado ulisema uongo.

Ofisi yetu ni vyumba viwili Kijitonyama, watu wanne. Mteja wetu hukusanya daftari za mifugo kutoka vijiji vya Kisarawe na Mkuranga. Makarani kadhaa hugusa daftari lilelile, na kila mara huzuka swali la nani amebadili nini, kwa hiyo tangu mwanzo tulimshauri atumie Git kutunza matoleo ya mafaili yake. Linus Torvalds aliianzisha Git mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, lakini Git haijali kama ndani ya faili mna msimbo au hesabu ya mbuzi. Sisi tumeichukua na kuiongezea amri moja yetu, iliyoandikwa kwa C juu ya msimbo wa Git wenyewe. Kila jioni amri hiyo huorodhesha mafaili yaliyobadilika siku hiyo, huhesabu mistari ya kila faili, kisha hutuma muhtasari kwa msimamizi kwa meseji ya kawaida. Anakozunguka intaneti si ya kutegemea. SMS hufika.

Amri hiyo aliiandika mwenzetu mdogo kuliko sote, dada aliyemaliza chuo miaka miwili iliyopita, na anaandika C kwa uangalifu kuliko wengi niliowahi kufanya nao kazi. Ilikuwa mistari 74. Nikaipitia mimi.

Nieleze nilichokitazama, maana kisa chote kimelala hapo. Katika C, stringi, yaani maandishi, ni baiti (vipande vidogo vya kumbukumbu) zinazofuatana mpaka baiti sifuri inayofunga. Lugha yenyewe haikumbuki urefu wala nafasi iliyotengwa. Mwandishi ndiye anayekumbuka. Kwa hiyo nilitafuta strcpy, fanksheni inayonakili bila kuangalia nafasi, hamna. Nikatafuta strcat na sprintf, zenye hatari ileile, hamna. Nikaangalia kama sizeof, inayopima ukubwa, imewekwa juu ya bafa yenyewe, yaani nafasi iliyotengwa, na si juu ya pointa, yaani anwani ya nafasi hiyo, kosa ambalo kwenye mashine za biti 64 hukupa jibu la 8 hata kama nafasi uliyotenga ni elfu moja. Alikuwa sahihi. Nikakagua namna meseji inavyokabidhiwa kwa programu ya kutuma: hakupita kwenye shell, programu inayopokea amri zinazochapwa, bali alipeleka hoja moja moja kwenye orodha. Nilifurahi, maana kiritimbo cha ng', yaani apostrofi, kimeshavunja hati nyingi za shell zilizoandikwa na Waswahili. Shell huona mwisho wa nukuu katikati ya ng'ombe. Nikaandika "safi, ipite".

Mistari niliyoipita bila kusimama ni hii:

    char lebo[32];
    snprintf(lebo, sizeof(lebo), "%s", njia);

Njia ni jina kamili la faili pamoja na folda zake. Lebo ni kipande cha kuweka kwenye meseji. Alitaka kila mstari wa SMS uwe mfupi, akachagua baiti 32, na snprintf ikafanya kazi yake bila doa: iliandika baiti 31 na kuweka sifuri mwishoni, haikumwaga kitu nje ya bafa. Mistari ishirini chini yake, ulipofika wakati wa kulifungua faili kwenye toleo la mwisho ili mistari ihesabiwe, aliyepelekwa kutafuta hakuwa njia. Alikuwa lebo.

Sasa hesabu baiti. Folda ni kisarawe/maneromango/, baiti 21. Daftari la ng'ombe la mwezi wa pili liliitwa ng'ombe-02, baiti 10. Jumla 31, linaingia kamili. Daftari la chanjo la mwezi huohuo liliitwa ng'ombe-02-chanjo. Jumla 38. Likikatwa kwenye 31, kinachobaki ni kisarawe/maneromango/ng'ombe-02, herufi kwa herufi, na hilo ni faili lililopo. Programu ikalitafuta, ikalipata, ikahesabu mistari yake, ikaripoti. Kwa mwezi mzima wa pili, kila chanjo ilipoandikwa, msimamizi alipokea mistari miwili inayofanana: ng'ombe-02, mistari 412, na tena ng'ombe-02, mistari 412. Daftari la chanjo lilikuwa na mistari 46, na namba hiyo hakuiona hata siku moja. Alidhani mtandao umerudia. Kwa kuwa hakuona chanjo yoyote kwenye taarifa, mwishoni mwa mwezi alimtuma mtu arudi Maneromango apite nyumba kwa nyumba kuuliza nani amechanja. Wafugaji waliulizwa jambo walilokwisha kulijibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, maana imani ya mfugaji kwa mtu mwenye daftari haipatikani kwa urahisi, na mimi niliichezea nikiwa nimekaa kwenye kiti Kijitonyama.

Mkazi wa Dar es Salaam anaijua hatari hii bila kusoma C. Mwambie mgeni ashuke Mbezi Beach, halafu ujumbe ukatike baada ya neno la kwanza. Hatapotea njiani akapiga simu. Atapanda gari la Mbezi, atafika Mbezi, atashuka kwa amani kwenye barabara ya Morogoro, wakati wewe unamsubiri upande wa barabara ya Bagamoyo. Kama neno lililobaki lingekuwa halina maana, konda angemwambia mapema kwamba hakuna kituo hicho. Jina likikatwa na kipande kilichobaki kikawa jina la kitu kingine, hakuna wa kumstua.

Laiti bafa ingekuwa ya baiti 30 au 35, programu ingelalamika siku ya kwanza. Ilikuwa 32 na ikanyamaza. Iliyotuokoa ni alama moja ndogo.

Mwezi wa tatu karani alibadilika. Karani mpya alikuwa na mazoea ya kuandaa majina kwenye Microsoft Word na kuyanakili. Word, isipozuiwa, hugeuza kiritimbo kilichonyooka kuwa kile kilichopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa Unicode, orodha ya alama za maandishi ya lugha zote, ni alama mbili tofauti: kwenye UTF-8, namna ya kuziandika alama hizo kwa baiti, kilichonyooka ni baiti moja, kilichopinda ni baiti tatu. Daftari lake liliitwa ng’ombe-03-chanjo, na sasa kisu kile kile cha baiti 31 kilishuka mahali pengine. Kilichobaki ni kisarawe/maneromango/ng’ombe- na kistari kinachoning'inia. Faili la jina hilo halipo. Programu ikasema haipo, msimamizi akapiga simu, na kwa kufuatilia kosa lililopiga kelele tukalikuta lile lililokuwa limekaa kimya mwezi mzima.

Tulichukua muda kuelewa. Dada alipoendesha git status, amri inayoonyesha mafaili yaliyobadilika, jina lilitokea hivi: "kisarawe/maneromango/ng\342\200\231ombe-03-chanjo". Git isipoelekezwa vingine huonyesha kila baiti iliyo nje ya ASCII, yaani herufi za kawaida za Kiingereza, kwa namba za msingi wa nane, na watu wengi huzima tabia hiyo kwa kuweka core.quotePath kuwa false, kwa sababu inachukiza macho. Siku hiyo ilitufaa. Dada aliitazama ile 342, 200, 231 kisha akasema polepole, "Kaka, hii siyo apostrofi yetu." Akageukia msimbo wake, na kabla sijasema neno alikuwa ameshaweka kidole kwenye lebo.

Tunajidanganya sana kuhusu Kiswahili. Kwa kuwa maandishi yetu hayana nukta juu ya herufi wala vikofia, tunadhani herufi moja ni baiti moja daima, na tunaandika programu kana kwamba UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ni shida ya Wafaransa na Wachina. Halafu anakuja ng'ombe. Ng'ombe, ng'ambo, ng'aa, Ng'wale: kiritimbo hicho hakiepukiki, na kikishapita kwenye Word kimebadilika.

Hata gharama ya meseji ilikuwa imebebwa na alama hiyohiyo. SMS moja ina nafasi ya herufi 160 kama zote zimo kwenye alfabeti ya GSM ya biti 7. Kiritimbo kilichopinda hakimo. Kikiingia kimoja tu, ujumbe mzima hubadilishwa kuwa wa biti 16, na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ukigawanywa vipande, kila kipande hubeba 67. Taarifa ya herufi 150 iliyokuwa ikienda kwa meseji moja sasa ilikwenda kwa tatu. Msimamizi alikuwa ameliona hilo na kulitaja kwenye simu, kwamba siku hizi inakuja vipande vipande. Nilimsikia, sikumsikiliza.

Tulipokaa kurekebisha, nilimwomba dada tusianze na mistari yetu. Tuanze na Git yenyewe, tuone wenye chombo walifanya nini walipofika hapa, kwa sababu walifika. Machi 2016 walitoa toleo 2.7.4 kuziba makosa yaliyozunguka fanksheni iliyoitwa path_name, iliyokuwa ikiunganisha vipande vya njia ya faili. Urefu ulihesabiwa kwa namba ya aina ya int, kisha maandishi yakanakiliwa kwa strcpy. Njia ikiwa ndefu kupita kiasi, hesabu inafurika na maandishi yanamwagika nje ya nafasi yake. Fanksheni yenyewe iliondolewa. Mwaka 2018 likaongezwa faili dogo, banned.h. Ukiandika strcpy ndani ya msimbo wa Git leo, kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa programu, inagoma, na jina litakalokutazama kwenye kosa ni sorry_strcpy_is_a_banned_function. strcat, sprintf na strncpy zimo kwenye orodha hiyo, ya mwisho ikiwa na dhambi yake ya pekee: chanzo kikijaa, haiweki baiti sifuri ya kufunga.

snprintf haimo. Mimi nilikuwa nikipitia msimbo kwa kuifuata orodha hiyo kichwani, na orodha hiyo inakulinda dhidi ya kumwagika. Dhidi ya kukatwa haikulindi. Kwa hilo Git ina kitu kingine, na nilikuwa nimekipita mara nyingi bila kujiuliza kwa nini kipo: fanksheni ya xsnprintf. Inafanya kama snprintf, ila maandishi yasipoenea inasimamisha programu palepale. Sehemu nyingine nyingi hutumika strbuf, bafa inayobeba urefu wake na kupanuka yenyewe, kwa hiyo swali la kukata halizuki. Ukiviweka pamoja unaona msimamo wao: ama jina zima, ama tusiendelee. snprintf nayo haikuwa imetuficha kitu. Hurudisha urefu ambao maandishi yangehitaji. Ilijibu 38, bafa ni 32, na hakuna aliyelipokea jibu.

Kisha tukatazama git diff --stat, amri ya muhtasari wa mabadiliko, kwa sababu nayo hufupisha majina ili yaenee kwenye skrini, kazi ileile tuliyokuwa nayo. Njia ikizidi nafasi, hukatwa upande wa kushoto na mwanzoni huwekwa nukta tatu. Mambo mawili yananipendeza hapo. Mwisho wa jina, ambao ndio unaotofautisha faili na faili, unabaki. Na zile nukta zinamwambia msomaji, na mwandishi wa msimbo pia, kwamba hiki si jina bali ni picha ya jina. Upana wenyewe hupimwa kwa nafasi kwenye skrini na si kwa idadi ya baiti, maana Git ina fanksheni ya utf8_strwidth inayojua kwamba kiritimbo cha baiti tatu kinakaa kwenye nafasi moja.

Toleo la pili la dada likawa hivi: njia inakaa kwenye strbuf, nzima, na yeye peke yake ndiye anayetumwa kutafuta. Lebo inatengenezwa dakika ya mwisho, pale meseji inapoandikwa, inakatwa kutoka kushoto, na haikatwi katikati ya herufi. Hilo la mwisho ni rahisi kuliko linavyosikika. Kwenye UTF-8 kila baiti ya mwendelezo iko kati ya 0x80 na 0xBF, kwa hiyo ukitua juu ya baiti ya namna hiyo unasogea mpaka uikute inayoanzisha herufi. Ndani ya lebo pekee kiritimbo kilichopinda kinanyooshwa, ili meseji irudi kwenye herufi 160.

Nililipitia toleo hilo kwa siku nzima, na bado lilikuwa na kosa. Safari hii alilikamata mwenyewe. Alikuwa ameamua kupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo badala ya kuandika kila mstari papo hapo aliyakusanya kwanza kwenye string_list, orodha ya stringi ya Git. Orodha hiyo huanzishwa kwa namna mbili: moja hunakili kila stringi unayoipa, nyingine hushika pointa tu na kukuachia wewe dhamana ya kuitunza stringi. Alitumia ya pili, huku strbuf ni ileile inayosafishwa na kujazwa upya kila mzunguko. Matokeo yake orodha ina pointa nyingi zinazoelekea nyumba moja, na mpangaji anabadilika kila mzunguko. Mbaya zaidi, jina refu likija strbuf inahama kwenda eneo kubwa, na pointa za mwanzo zinabaki zinaelekea kiwanja kilichokwisha kurudishwa.

Jaribio letu la zamani lilikuwa na faili moja, kuku.txt. Kwa faili moja kosa hili halionekani kabisa. Alijenga upya programu kwa make SANITIZE=address, inayowasha ukaguzi wa matumizi ya kumbukumbu, akaweka mafaili matatu yenye majina ya urefu tofauti, na ripoti ikatoka ndefu ikisema kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa inasomwa. Akanionyesha skrini yake. Nilichokuwa nimekikagua siku nzima, jaribio la mafaili matatu lilikikuta kwa sekunde. Akabadili orodha iwe ya kunakili, kukatulia.

Tulibishana jambo moja, na sijui kama nitamshawishi. Alitaka majina yanyooshwe pale faili linapoingia kwenye Git. "Kaka, makarani hawajui kama kuna apostrofi mbili, na hawana sababu ya kujua. Kwa nini tuwaachie mzigo huo?" Nilikataa. Git hulichukua jina la faili kama baiti tu. Ukibadili baiti njiani, jina lililo kwenye laptopu ya karani na lililo kwenye ghala la Git hayatalingana tena, na kila jioni faili lilelile litaonekana limefutwa na jingine limezaliwa. Matoleo ya nyuma nayo yameshabeba jina la zamani. Wenye Git walilazimika kuongeza core.precomposeUnicode mwaka 2012 kwa sababu ya kompyuta za Apple zilizokuwa zikihifadhi herufi zenye alama kwa namna yake, na Desemba 2014 wakatoa 2.2.1 kwa sababu majina yanayofanana na .git, yenye herufi kubwa au alama zisizoonekana, yaliweza kupenya kwenye mifumo inayoyaona kuwa jina moja. Mlango wa kuamua kwamba majina mawili ni mamoja ukiufungua, lazima uwe tayari kuulinda miaka yote. Sisi tuko wanne.

Hakuridhika, na ana hoja. Mfugaji wa Maneromango ana ng'ombe mmoja, si wawili wenye viritimbo tofauti. Tulikubaliana kwa sasa amri itoe onyo pale folda moja inapokuwa na majina mawili yanayotofautiana kwa kiritimbo tu, na msimamizi ndiye aamue libaki lipi. Onyo hilo limeandikwa kwa Kiswahili, na linalitaja faili kwa jina lake zima.

Taarifa za mwezi wa pili tulizitengeneza upya na kumtumia, zamu hii chanjo ikionyesha mistari 46, pamoja na maelezo ya kilichotokea na ombi la radhi kwa wale waliorudiwa nyumbani kwao. Kuku.txt bado yupo kwenye majaribio, ila amepata majirani: ng'ombe-02, ng'ombe-02-chanjo na ng’ombe-03-chanjo, wote chini ya kisarawe/maneromango. Ndani ya amri yetu snprintf tupu hairuhusiwi tena. Zilikuwa sehemu tano. Tatu zimegeuzwa strbuf, moja imekuwa xsnprintf, na ya tano, inayoandika tarehe juu ya meseji, dada ameiweka kwenye orodha yake ya wiki hii.